Kubadili Mashine ya Kusagia Kahawa ya Dukani kwa Matumizi ya Nyumbani: Somo la Mashine Rahisi kutoka Engaresero

Utangulizi

Kila wanachuo warejeapo kutoka katika mazoezi ya kufundisha, sisi wakufunzi husikia lalamiko lile lile: shule haikuwa na zana. Mmoja hueleza kwamba alifundisha mada ya mashine rahisi kwa kuchora kapi ubaoni. Mwingine hueleza kwamba alisoma kitabu kwa sauti, wanafunzi wakanakili, kengele ikalia. Lalamiko hilo lina ukweli ndani yake, wala si haki kulipuuza. Hata hivyo, aghalabu mwalimu hukosa zana kwa sababu anatafuta kitu kilichotengenezwa kiwe zana, ilhali vijiji vyetu vimejaa vitu vilivyoachwa pembeni kwa sababu havifai tena kwa kazi ya kwanza. Kitu cha namna hiyo, kikifunguliwa na kubadilishwa mbele ya wanafunzi, hufundisha kuliko mchoro.

Makala haya yanakusudia kueleza kazi moja iliyofanywa na mwanachuo wetu alipokuwa Engaresero, nami nikaishuhudia nilipokwenda kumkagua. Kazi yenyewe ilikuwa kuibadili mashine kuukuu ya umeme, iliyokuwa ikisaga kahawa dukani, ili izungushwe kwa mkono jikoni. Nitaeleza hatua zake, nitataja makosa yetu, yakiwamo yangu mwenyewe, kisha nitaonyesha jinsi kazi hiyo inavyoweza kuwa somo la vipindi viwili.

Mashine isiyokuwa na kazi

Engaresero iko katika Wilaya ya Ngorongoro, kati ya Ziwa Natron na mlima wa volkano Ol Doinyo Lengai. Mtu atokaye Karatu hushuka hadi Mto wa Mbu, kisha hufuata njia ya kaskazini kupitia Selela na Engaruka. Katika safari hiyo huacha nyuma nyanda za juu za Karatu na Oldeani zenye mashamba ya mibuni, akaingia katika bonde kavu la wafugaji. Kinywaji cha wenyeji ni chai ya maziwa. Watoto wengi wa huko hawajapata kuona kahawa ikisagwa, ingawa mibuni imo katika wilaya jirani. Hilo si ajabu, maana sehemu kubwa ya kahawa ya Tanzania huuzwa nchi za nje ikiwa bado buni, yaani kabla ya kukaangwa na kusagwa.

Mwanachuo wetu alikuwa amepanga chumba kwa mama mmoja ambaye, mbali na kulea wajukuu, huwapikia wageni wanaokwenda kupanda Ol Doinyo Lengai. Wapandaji huanza safari usiku, ili wafike kileleni kabla jua halijawa kali. Kwa hiyo mama huyo hutakiwa kuwa na kahawa tayari mnamo saa tano za usiku. Kijana wake alimnunulia buni kutoka Karatu, na pamoja nazo akamnunulia mashine ya umeme iliyotumika, kwa fedha ambazo mama alikuwa ameziweka kwa ajili ya sare za wajukuu. Mashine ilipofika, ilikataa kazi. Nyumba ile hupata umeme kutoka katika bamba la jua na inveta ndogo. Kila swichi ilipobonyezwa, mota ilinguruma mara moja, taa zikafifia, inveta ikajizima.

Sababu yake ni rahisi kueleza. Mota ya namna ile, inapoanza kuzunguka kutoka katika kusimama, huhitaji mkondo wa umeme ulio mkubwa mara kadhaa kuliko ule inaouhitaji ikiwa tayari katika mwendo. Inveta ndogo haiwezi kuutoa mkondo huo hata kwa nukta chache. Mama alikwisha kata shauri la kuiuza mashine kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Mwanachuo alimwomba ampe majuma mawili.

Ni kitu gani kinachosaga?

Kabla ya kushika spana, mwanachuo aliandika swali hili katika daftari lake: ni kitu gani hasa kinachosaga kahawa? Ukiwauliza watu, wengi watajibu kwamba ni umeme. Jibu hilo ndilo lililoifanya mashine ionekane imekufa.

Ukiifungua mashine ya kusagia kahawa ya dukani, utaona sahani mbili za chuma zenye meno, zinazotazamana. Moja imefungwa isizunguke. Ya pili imekazwa kwa nati juu ya mhimili, ambao mafundi huuita shafti, na huzunguka pamoja nao. Punje za kahawa huingia katikati, palipo na nafasi kubwa na meno marefu. Huvunjwa hapo, kisha vipande husukumwa kuelekea ukingoni, ambako meno ni mafupi na nafasi ni nyembamba. Unga hutoka pale ukingoni. Ukizikaribisha sahani, unga huwa laini. Ukizitenganisha, huwa wa chengachenga. Kinachosaga, basi, ni nafasi kati ya sahani mbili na mwendo wa mojawapo. Mwendo huo unaweza kutoka katika mota, mkono wa mtu, maporomoko ya maji au punda.

Historia ya mashine hizi yathibitisha jambo hilo. Katika karne ya 19 maduka mengi ya Marekani yalisaga kahawa kwa mashine za mkono zenye magurudumu mawili makubwa ya chuma. Kampuni ya Enterprise ya Philadelphia ilikuwa miongoni mwa watengenezaji mashuhuri wa mashine hizo. Mwaka 1897 ilianzishwa kampuni ya Hobart katika mji wa Troy, Ohio, ambayo ilijipatia jina kwa kuziunganisha mashine za kahawa na mota za umeme. Mota, kwa hiyo, ilikuja baadaye. Aliyeiondolea mashine umeme hakuiharibu. Aliirudisha katika hali yake ya awali.

Kabla ya kufungua: kosa langu la kwanza

Kwa miaka kadhaa nimewafundisha wanachuo kwamba kifaa cha umeme kikichomolewa katika soketi ni salama kukifungua. Niliyaandika maneno hayo ubaoni, na wanachuo waliyanakili. Mwanachuo huyu alipanga kuifungua mota mbele ya wanafunzi wa darasa la sita, nami nikamkubalia. Yeye mwenyewe ndiye aliyeona vyema kwanza tuipeleke kwa fundi wa mota mjini Karatu, akamuulize kama ndani yake mna kapasita.

Fundi aliichomeka mashine, akaijaribu, akaichomoa. Kisha aliufungua mfuniko mdogo ubavuni, akachukua kifaa chenye mpini wa kuhami umeme na kuziunganisha ncha mbili za kapasita. Cheche iliruka kwa mlio mkali. Swichi ya ndani ya mota ilikuwa imekwama, hivyo kapasita ilibaki na chaji ijapokuwa waya ulikuwa mkononi mwetu, mbali na soketi. Nilifikiri juu ya kidole cha mtoto ambacho kingekuwa mahali pale. Tangu siku hiyo nimeyasahihisha maandishi yangu, nami nakusihi, ndugu mwanachuo, uyasahihishe yako: kifaa chenye mota kikichomolewa, bado chaweza kuwa na umeme ndani yake. Kazi ya kuondoa kapasita, swichi na waya ni ya fundi, na ifanyike mbali na wanafunzi. Darasani huingia mashine ambayo haina tena kitu chochote cha umeme cha kuunganishwa.

Yapo mambo mengine mawili ya kuchunguza mapema. La kwanza ni rangi. Mashine za zamani huenda zilipakwa rangi yenye risasi, ambayo ni sumu. Kwa hiyo usiipige msasa wala kuikwangua. La pili ni meno. Pitisha ukucha polepole juu ya ukingo wa jino, hali mashine imefunguliwa na mhimili umezuiwa usizunguke. Jino lililo zima huukwaruza ukucha kidogo. Jino lililokwisha huteleza. Sahani zilizokwisha hazifai kwa mkono, maana badala ya kukata punje huzifinya tu, na mzungushaji huchoka bure.

Kazi ya kubadili

Hatua ya kwanza: kuchagua mahali pa kushika mwendo. Katika mashine yetu mota na sahani zilikuwa juu ya mhimili mmoja. Upande wa mbele palikuwa na sahani. Upande wa nyuma, chini ya kifuniko cha bati, palikuwa na feni ya kupoza mota. Tuliiondoa feni, tukapata ncha ya mhimili iliyo wazi. Mota yenyewe hatukuitoa. Mota ya aina hiyo haina sumaku ya kudumu wala brashi, kwa hiyo ikikosa umeme huzunguka kwa wepesi juu ya beringi zake, na uzito wa sehemu yake ya ndani husaidia kuuendeleza mwendo. Kama mota ina sumaku, utahisi ukinzani unapoizungusha kwa vidole. Hapo hapana budi kuitoa.

Hatua ya pili: gurudumu. Fundi mkerezaji wa Karatu alitutengenezea kikombe cha chuma cha kuivaa ncha ya mhimili, kikakazwa kwa skrubu. Juu yake tulifunga gurudumu la chini la cherehani kuukuu ya miguu. Gurudumu hilo ni la chuma cha kalibu, ni zito, na hupatikana bila shida. Fundi alitoboa matundu mawili ya kishikio: moja sentimeta 15 kutoka katikati, jingine sentimeta 7.5. Gurudumu lilikuwa na mikono ya chuma yenye nafasi katikati yake, nasi tukaziba nafasi hizo kwa bati, ili kidole cha mtoto kisiingie likiwa katika mwendo.

Hatua ya tatu: mdomo wa kumiminia. Kapu la dukani hupokea zaidi ya kilo moja ya kahawa. Nyumbani halifai, kwa sababu mbili. Kahawa iliyokaangwa hupoteza harufu yake ikikaa wazi. Zaidi ya hayo, punje nyingi zikiingia kwa pamoja, mkono hushindwa na gurudumu hukwama. Tuliliondoa kapu, tukaweka bomba la bati lenye urefu wa sentimeta 15, na juu yake kikombe cha kutosha gramu 60 chenye kifuniko. Chini ya kikombe tuliweka kizuizi chenye tundu la upana wa sentimeta 2, ili punje zishuke chache chache. Urefu wa bomba ulichaguliwa makusudi uzidi kidole cha mtu mzima, sembuse cha mtoto.

Hatua ya nne: kusafisha. Mafuta ya kahawa hukaa katika meno kwa miaka, huchacha, na huharibu ladha ya kahawa mpya. Hapa wanafunzi walikuwa na mali yao wenyewe. Magadi wanayoyafahamu kutoka Ziwa Natron, yakiyeyushwa katika maji ya moto, huyaondoa mafuta kwa namna ya sabuni. Tulizitoa sahani za chuma, tukaziloweka, tukazipiga brashi, tukazisuuza kwa maji safi na kuzikausha papo hapo zisishike kutu. Sehemu za alumini hatukuzitia humo, kwa kuwa maji ya magadi yaliyo moto huila alumini na kuiacha na madoa meusi. Mwanachuo aliwaonyesha wanafunzi jambo hilo kwa kipande cha sufuria iliyotoboka. Beringi nazo hazikuguswa na maji. Baada ya kufunga kila kitu, tulisaga konzi moja ya kahawa na kuitupa.

Hatua ya tano: kuweka nafasi ya sahani. Zungusha polepole huku ukizikaribisha sahani mpaka usikie mkwaruzo mwepesi wa chuma kwa chuma. Hapo zirudishe nyuma kidogo, mpaka mkwaruzo ukome. Tia alama ya rangi mahali hapo, kisha jaribu kwa punje chache. Kahawa ya kuchemshwa katika dele kama wafanyavyo watu wa pwani huhitaji unga laini. Ile ya kuchujwa kwa kitambaa huhitaji chenga ndogo kidogo.

Hatua ya mwisho ni kuifunga mashine kwa bolti juu ya ubao mzito, na ubao juu ya meza. Mashine inayotembea mezani haina usalama.

Hesabu ya kazi

Wanafunzi wa darasa la sita huweza kuifuata hesabu hii. Bamba la mota lilionyesha wati 370 na mizunguko 1,400 kwa dakika. Huko Karatu, kabla ya kuondoa umeme, tulipima tukaona mashine inasaga gramu 60, kiasi cha vikombe sita, kwa nukta 8. Mizunguko 1,400 kwa dakika ni kama 23 kwa nukta moja. Kwa hiyo gramu 60 zilihitaji mizunguko ipatayo 187.

Mkono wa mtu huzungusha kwa raha mara 60 kwa dakika, yaani mara moja kwa nukta. Iwapo kila mzunguko unasaga kiasi kile kile, mizunguko 187 itachukua nukta 187, ambazo ni dakika 3 na nukta 7. Nguvu inayotakiwa hupungua mara 23 vilevile: wati 370 ukizigawa kwa 23 hupata wati 16, na mtu mwenye afya huzimudu. Tulipopima kwa kweli, tulipata karibu dakika 4, kwa kuwa kizuizi hupunguza punje zinazoingia katika kila mzunguko. Kazi haikupungua, imeenezwa katika muda mrefu zaidi. Kanuni hii ndiyo roho ya mada nzima ya mashine rahisi, nayo wanafunzi waliihisi mabegani mwao kabla ya kuiandika.

Kwa nini basi gurudumu zito, ikiwa wati 16 zatosha? Kwa sababu kahawa haisagwi kwa usawa. Punje ngumu inapokamatwa na meno, ukinzani hupanda ghafla, kisha hushuka. Gurudumu zito huweka akiba ya mwendo na kuitoa wakati huo wa shida. Wenye maduka wa karne ya 19 walilijua jambo hilo, na ndiyo maana magurudumu yao yalikuwa makubwa.

Kosa lililotufundisha

Siku ya kuijaribu mashine ilikuwa siku ambayo mama alikuwa na wageni usiku. Mchana mwanachuo aliileta mashine darasani. Mshale uliochorwa mbele yake ulionyesha kwamba sahani huzunguka kama mishale ya saa. Mwanafunzi wa kwanza alishika kishikio, akazungusha kama mishale ya saa. Gurudumu lilikwenda kwa wepesi mno. Dakika zilipita, na kilichotoka ni chenga kubwa zisizolingana, nyingine punje nusu. Mama, aliyekuwa amealikwa, alitazama kibakuli akanyamaza.

Mimi nilikwisha tambua kosa. Nilifungua kinywa ili niseme, lakini mwanachuo alinitazama kwa heshima, akatikisa kichwa kidogo. Akawauliza wanafunzi: "Mshale unasema nini, nasi tumefanya nini?" Walijibu kwamba tumeufuata mshale. Akawaomba watazame tena. Kimya kilikuwa kirefu kiasi cha kunikera mimi niliye mkufunzi wake. Hatimaye msichana mmoja aliinuka, akasimama mbele ya mashine, akachora duara hewani kwa kidole kama mishale ya saa. Akaendelea kuchora duara lile lile huku akimwomba mwenzake atazame kutoka upande wa nyuma. "Mwalimu," akasema yule mwenzake, "ukiwa huku kidole chake kinakwenda kinyume."

Mshale ulikuwa umechorwa kwa ajili ya mtu aliye mbele, ilhali gurudumu letu lilikuwa nyuma. Meno ya sahani hukatwa kwa mwelekeo mmoja, kama meno ya msumeno. Yakizungushwa kinyume hupitisha migongo yake, na hata nati inayoishikilia sahani huweza kulegea. Waliikaza nati, wakageuza mwelekeo, na mara ukinzani wa kweli ukaonekana mkononi. Unga ulitoka, na harufu ikajaa chumba. Mama akanusa kibakuli, akasema, "Ahsante, wanangu. Leo sitakopa kahawa ya kopo dukani."

Ningalisema jibu lile, tungeokoa dakika saba. Lakini wanafunzi wangalijua tu kwamba mashine ile huzungushwa kinyume. Sasa wamejua kwamba mwelekeo wa mzunguko hutegemea mahali alipo mtazamaji, na maarifa hayo watayatumia wakikutana na skrubu, puli na mashine ya kusaga mahindi.

Namna ya kulipanga somo

Kazi hii yaweza kugawanywa katika vipindi viwili vya dakika 40, baada ya fundi kumaliza sehemu yake.

Kipindi cha kwanza kiwe cha uchunguzi. Wanafunzi wazitazame sahani zikiwa wazi, wachore wanachokiona, kisha wajibu swali: ni kitu gani kinachosaga? Mwalimu aorodheshe majibu yote ubaoni bila kuyahukumu, na majibu hayo yapimwe mwishoni.

Kipindi cha pili kiwe cha upimaji. Wanafunzi wafanye kazi katika vikundi, kila kikundi kisage gramu 10 huku mmoja akihesabu mizunguko na mwingine akitazama saa. Kikundi kimoja kitumie tundu la sentimeta 15, kingine la sentimeta 7.5, kisha walinganishe uzito wanaouhisi mkononi. Umbali ukipungua nusu, nguvu ya kusukuma huhitajika maradufu. Matokeo yaandikwe katika jedwali moja ubaoni. Tofauti za vipimo zisifichwe, zijadiliwe.

Kanuni za usalama zitangazwe kabla ya kuanza. Mtu mmoja tu ndiye agusaye mashine. Yeyote anayetaka kuifungua au kuipiga brashi kwanza aondoe kishikio na kukishika mkononi mwake. Shuka na nguo ndefu zifungwe vizuri zisinaswe na gurudumu. Jambo hili lina uzito wa pekee mahali kama Engaresero, ambako watoto wengi huvaa shuka wakiwa nyumbani na huenda wakaisogelea mashine wakiwa wamevaa hivyo.

Hitimisho

Mwaka 1967, katika maandishi yake juu ya Elimu ya Kujitegemea, Mwalimu Nyerere aliilaumu shule inayomtenga mtoto na kazi za jamii yake. Mara nyingi tumeyatafsiri maneno hayo kuwa ni kulima bustani ya shule. Bustani ni jambo jema. Lakini hata mashine iliyoshindwa jikoni kwa jirani ni kazi ya jamii, na mwalimu anayeileta darasani hulihudumia darasa na jirani kwa pamoja.

Mashine ile ingali jikoni kwa yule mama. Wajukuu wake huisaga kahawa jioni, wakipokezana kila mizunguko hamsini, naye huisafisha kwa brashi kila asubuhi ili unga wa jana usichanganyike na wa leo. Ukipangiwa shule yako, ndugu mwanachuo, kabla ya kuandika katika taarifa yako kwamba zana hazikuwapo, tembelea kwanza jirani watatu na uwaulize wana kitu gani kilichokataa kufanya kazi. Kisha jiulize juu ya kitu hicho: kipi ndani yake hakina budi kubaki, na kipi chaweza kubadilishwa?

Maswali ya majadiliano

1. Taja kifaa kimoja kilichoachwa bila kazi katika kijiji unachokifahamu. Eleza sehemu yake inayofanya kazi yenyewe, na sehemu inayotoa mwendo au nguvu.

2. Kwa nini kizuizi cha punje kiliongeza muda wa kusaga lakini kikarahisisha kazi ya mkono?

3. Mwanachuo alimzuia mkufunzi wake asitoe jibu. Katika hali gani mwalimu anapaswa kunyamaza na kungoja, na katika hali gani anapaswa kusema upesi? Tumia mfano wa mshale na mfano wa kapasita katika jibu lako.